Ndoo Iliyofika Kabla Yangu

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyerudi nyumbani kutoka hospitali akiwa na upande mmoja wa mwili usiomsikiliza, akakuta nyumba imejaa watu wema wanaomwambia, "Kaa, Mama, usijisumbue." Mambo ya mishipa na damu waulizwe madaktari. Mimi nitasema niliyoyaona, tena kwa ufupi, kwa sababu mkono ninaoandikia ndio ule uliougua, na hadi leo huchoka haraka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikafundisha humu humu wilayani Kisarawe mpaka nilipostaafu. Mume wangu alikwisha kufariki. Nikarudi kwenye shamba letu Vihingo, nikalima mihogo na kuokota korosho zangu. Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini, nasi tukapelekwa Kurui, nyumba zikapangwa kwa mstari, mlango ukitazama mlango. Sina malalamiko makubwa. Kisima kilikuwa karibu kuliko kule nilikotoka, na nusu ya wanakijiji niliwahi kuwafundisha kushika penseli. Ila mpango ule wa nyumba una sehemu yake katika habari hii. Vihingo niliweza kuvuka shamba zima na ndoo kichwani asinione mtu. Kurui hukohoi bila kuulizwa kama umekunywa dawa.

Ugonjwa ulinikuta asubuhi, masika ikielekea ukingoni. Nilikuwa najifunga kanga. Fundo likalegea, nikafunga tena, likalegea tena. Nikautazama mkono wa kulia nikaona vidole vimeshika upindo wa kanga lakini havikazi. Sikuogopa. Nilichoona ni kero tu, kama mtu anayesumbuliwa na mlango mbovu. Nikamwita binti yangu Tatu, na sauti iliyotoka haikuwa na maneno ndani yake.

Tatu ni mwanangu wa mwisho. Alikuwa amerudi kwangu baada ya kuachika. Aliingia na mwiko mkononi, akanitazama, mwiko ukaanguka.

"Mama, mdomo wako umekwenda wapi?"

Nilitaka kumwambia aache maswali ya kipuuzi. Badala yake mguu wa kulia ukajikunja, nikaketi chini pasipo kutaka.

Nilibebwa kwa kitanda changu cha kamba hadi barabarani, nikapakiwa kwenye lori lililokuwa likirudi Kisarawe mjini. Huko nililala siku chache, kisha mwanangu Salehe akaja kunichukua. Salehe ni kifungua mimba wangu, karani wa ofisi moja Kibaha. Alitaka niwe hospitali ya kule ili anione kila akitoka kazini. Na kweli alikuja kila jioni, na shati lake la kazi, na uji kwenye chupa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno.

Wodini nilijifunza kwamba mwili ukigoma hauchagui mambo ya heshima wala ya aibu. Mate yalinitoka upande wa kulia bila habari yangu. Kandambili ilivuka mguuni nami nikaendelea kuburuza mguu mtupu mpaka mtu anionyeshe. Nililia kwa mambo yasiyoliza, kama vile mtu kuniletea kijiko. Kubwa kuliko yote, nilianza kula kwa mkono wa kushoto. Nililelewa kwamba mkono huo haupeleki chakula kinywani wala haumpi mtu kitu, na darasani niliwachapa watoto kwa ajili hiyo. Sasa kila nilipompa mtu kikombe nilisema, "Samahani, mkono wa kushoto." Nililisema neno hilo mara nyingi kuliko nilivyosema Bismillahi.

Zipo na huruma ndogo ndogo, nazo sitazisahau. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili alikuja kila alfajiri, akanifunga kanga yangu, akaondoka. Hakuniuliza chochote wala hakunipa pole. Alifunga tu fundo, likakaa mpaka jioni.

Kipupwe kilipoanza nikapelekwa kwenye chumba cha mazoezi. Nje palikuwa na benchi refu, na hapo tulisubiri kwa zamu, wenye magongo, wenye bandeji, na mimi. Asubuhi nzima huisha kwenye benchi lile. Unajua mguu wa kila mtu kabla hujalijua jina lake. Aliyekuwa akitufanyisha mazoezi tulimwita Sista Matilda, mwanamke wa bara, mrefu, asiye na subira na machozi. Siku ya kwanza alijaza mchanga kwenye kopo la maziwa, akalifunga kishikio cha kamba, akaniweka mkononi.

"Shika, Mama."

Likaanguka.

"Liokote."

Nikamtazama. Tangu nilipougua hakuna aliyeniambia niokote kitu.

"Uliniambia ulikuwa mwalimu," akasema. "Basi huu mkono ni mtoro. Mtoro ukimwacha nyumbani na mamaye anamhurumia, atarudi shule?"

Nikacheka, na kicheko kikatoka upande mmoja. Nikaliokota.

Siku ya kuruhusiwa alinipa dawa yake ya mwisho. "Ukifika nyumbani usipokelewe kitu. Chota maji yako mwenyewe, kidogo kidogo, ndoo iwe mkono huu huu mbovu. Mkono ukifanya kazi, mguu utaufuata. Ukikaa, ndiyo basi." Salehe alikuwa nje akihangaikia usafiri. Laiti angekuwa ndani akayasikia, huenda nusu ya haya nisingeyaandika.

Nilirudi Kurui jua la kiangazi limeshika. Tatu alikuwa ametandika mkeka barazani, na mto. Hapo nikawekwa. Watu wakaja kunijulia hali, wakaja tena, na kila aliyekuja alinikataza kuinuka. Nikitaka maji, yalikuja. Nikitaka kivuli, mkeka ulivutwa nami nikiwa juu yake. Mzee kwetu hafanyi kazi mbele ya vijana, na mgonjwa hafanyi kazi mbele ya mtu yeyote, na mimi nilikuwa vyote viwili. Ukichanganya na kwamba nilikuwa mwalimu wao, nilikuwa nimekwisha. Mguu ulianza kukonda. Niliupima kwa macho kila asubuhi, paja la kulia na la kushoto, na lile la kulia likawa kama la mtu mwingine.

Wakati huo Tatu alikuwa ameposwa. Mwanamume alikuwa mkulima wa Mlandizi, mtu mtulivu aliyefiwa na mkewe, na mwanangu alimpenda, hilo lilionekana hata akipika. Salehe akaja kutoka Kibaha, tukakaa watatu ndani.

"Mama," alisema, "Tatu hawezi kukuacha hivi. Nami siwezi kuacha kazi. Korosho zikishaokotwa, kama hujaweza kukaa peke yako, nakuchukua Kibaha. Yule bwana hatasubiri milele."

"Nisipotaka?"

"Basi Tatu hataolewa."

Alisema bila ukali, na alisema kweli. Lakini nilikijua chumba chake cha Kibaha. Nilikwisha kukaa pale siku mbili baada ya kutoka hospitali. Kuna kigoda mlangoni, na mbele ya kigoda kuna ukuta wa jirani. Mtu mwenye umri wangu akikalishwa pale hainuki tena. Niliogopa kigoda kile kuliko nilivyoogopa kaburi, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kesho yake nikachukua ndoo ndogo ya Tatu, ile ya kunawia, nikaenda kisimani.

Njia ya kisimani inashuka kwenda na inapanda kurudi. Kushuka nilichukua muda mrefu, mguu ukichora mstari mchangani. Wanawake waliokuwa pale walinijazia ndoo kabla sijaomba. Nikaishika kwa mkono wa kulia, vidole nikavifunga kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, nikaanza kupanda. Sijafika nyumba ya tatu, kijana mmoja akatoka mbio.

"Shikamoo, Mwalimu! Nikupokee."

"Marahaba. Niache, nafanya mazoezi."

"Aa, Mwalimu, mazoezi na maji wapi na wapi? Lete." Akavifungua vile vidole vyangu, kwa upole kabisa, akaenda na ndoo. Nilipofika nyumbani nikaikuta mlangoni.

Ikawa hivyo kila siku. Nilibadilisha saa. Nikaenda adhuhuri, wakati wa jua kali, watu wamejilaza. Akatokea Athumani, balozi wetu wa nyumba kumi, juu ya baiskeli. Huyu nilimfundisha darasa la kwanza hadi la nne. Alishuka, akaamkia, akaitundika ndoo kwenye usukani, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nilieleza habari za Sista Matilda kwa kila aliyenipokea. Walinisikiliza kwa heshima zote huku ndoo ikiwa mikononi mwao. Kwa majuma mengi ndoo yangu ilifika nyumbani kabla yangu.

Kisha maneno yakaanza. Sikuyasikia mimi, aliyasikia Tatu. Kisimani aliulizwa kama ana haraka sana ya kuolewa hata anamtuma mgonjwa maji. Mwingine akasema mtoto wa siku hizi akipata mchumba humsahau aliyemzaa. Tatu alirudi ndoo tupu, akajifungia.

"Mama, nakuomba," aliniambia kupitia mlango. "Kaa tu. Watu wananila nyama."

Nilimhurumia sana mwanangu. Lakini sikukaa.

Athumani akaja na wazee wawili, wakaketi barazani, wakaleta shauri lao. Kumbe kwao lilikuwa kosa la Tatu, nami ndiye niliyedhulumiwa. Nilijitahidi kueleza. Ulimi wangu bado ulikuwa mzito wakati ule, na nikikasirika ulizidi.

"Maji nataka mwenyewe," nilisema.

"Tunajua, Mwalimu," alisema Athumani, akimtazama Tatu. "Mzazi humfichia mtoto aibu."

Nilitamani nimpigishe magoti kama zamani. Mwisho wakaamua kwa wema wao wote kwamba nyumba za mstari wetu zitanichotea maji kwa zamu, na Tatu asilaumiwe tena. Wakaomba dua, wakaondoka wameridhika.

Kuanzia hapo mtungi wangu haukupungua. Nikiamka umejaa. Mtungi uliojaa hauna haja ya kisima, na mtu asiye na haja ya kisima anarudi mkekani. Siku mbili tatu nilikaa nikiutazama. Ya nne nikaanza kuyamwaga. Niliimwagia mipapai, kata baada ya kata, kwa mkono wa kulia ili angalau mkono upate kitu. Ulikuwa ukame, kisima kimeshuka, na nilijua ni israfu. Nilimwaga hivyo hivyo.

Aliyenifuma ni Bi Siwema, jirani yangu wa mkono wa kushoto, rika langu, mwanamke mwenye kifua cha kubeba magunia na ulimi wa kubeba zaidi. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Alisimama na ndoo kichwani akinitazama nikimwagilia mpapai.

"Hayo maji ni ya nani?"

Nikateka kata nyingine.

"Miye nimeamka na kiuno kinaniuma, nikasubiri kisima kitoe maji, nikakujazia wewe kabla yangu. Unampa mpapai?"

"Sikukuomba," nilisema.

"Hukuniomba!" Akashusha ndoo kwa kishindo, nusu ikamwagika. "Sawasawa. Chota mwenyewe. Ukianguka huko usiniite, sina masikio."

Aliondoka. Niliketi chini ya mpapai nikalia, na safari hii kilio kilikuwa na sababu. Lakini Bi Siwema alipotoka kwenye zamu aliwatangazia wote kwa nini, na wenzake nao wakasusa. Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa kisima changu.

Mvua za kwanza za vuli zikanyesha, korosho zikaanza kuanguka. Njia ikawa utelezi. Nilikuwa nimefikia kupanda na nusu ndoo hadi nyumba ya tano au ya sita kabla mtu hajanifikia, maana bado walikuwapo waliokuja mbio. Siku moja hakuja mtu, nikajiona mshindi, nikakaza mwendo, mguu wa kulia ukasahau kuinuka. Nilianguka kifudifudi kwenye tope. Sikuvunjika. Meno yangu mawili yalilegea na goti likavimba. Waliokuja kuninyanyua hawakunilaumu, na lawama ingekuwa afadhali kuliko zile pole.

Salamu zilifika Kibaha haraka kuliko barua. Salehe alikuja Jumamosi na pikapu ya rafiki yake. Dereva aliigeuza kabisa, ikatazama njia ya kutokea. Tatu alikuwa amekwisha kufunga nguo zangu kwenye shuka. Alikuwa analia na hanitazami. Mchumba wa Mlandizi alikwisha kutuma mtu kuuliza.

"Mama, twende," alisema Salehe.

"Nitakwenda," nilimjibu. "Lakini kwanza twende kisimani, mimi na wewe. Nikishindwa kuleta maji hapa, nitapanda gari na hutasikia neno langu."

"Mama, goti lako..."

"Nina sharti. Mikono yako iwe nyuma. Nikiyumba, nyuma. Nikianguka, nyuma, mpaka niseme."

Salehe ni mtu mzima, ana watoto. Watu wote wa Kurui wanamjua kwa jinsi anavyomheshimu mamaye. Kumwomba hivyo kulikuwa kumvua nguo hadharani, na nililijua hilo nilipoomba.

Tukaenda. Kisimani niliwazuia wanawake, nikachota mwenyewe, ndoo ile ndogo, ikajaa. Nikavifunga vidole. Tukaanza kupanda, mimi mbele, yeye hatua moja nyuma, mikono ameishika mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Ilikuwa Jumamosi, watu wote wako nyumbani. Walitoka milangoni. Niliona uso mmoja mmoja kwa pembe ya jicho. Yule kijana wa siku ya kwanza akaja mbio kama kawaida yake.

"Mwache," alisema Salehe.

Kijana akasimama hajui afanye nini na mikono yake. Mbele zaidi alikuwepo Athumani balozi, barazani kwake, na wageni wake. Aliinuka.

"Salehe, huo ni uungwana gani? Unatembea mikono mitupu na mama yako amebeba?"

"Natembea mikono mitupu," Salehe alijibu. "Ameniomba."

Mtu mmoja akatema mate chini. Mwanamke mmoja akasema jamani, jamani. Mimi sikugeuka, kwa sababu nikigeuka ningeyumba, na kwa sababu nilimsikia mwanangu anapumua kama anayekwea mlima, naye hakubeba kitu. Kwenye utelezi ule ule mguu ulikataa. Nikasimama. Maji yakanimwagikia mguuni. Nilihisi joto la mtu nyuma yangu, karibu kabisa, lakini mkono haukuja. Nikainua goti kwa nguvu za kiuno, kama alivyonifundisha Sista Matilda, nikapita.

Nyumbani niliyamimina mtungini. Yalikuwa yamebaki chini ya nusu. Kisha nikateka kikombe, nikamgeukia Salehe, nikampa kwa mkono wa kulia. Tangu masika sikuwa nimempa mtu kitu bila kuomba samahani. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akaketi chini barazani akiwa na suruali yake ya kazini, akalia mbele ya dada yake na dereva. Nami nilimwacha alie.

Pikapu ilirudi Kibaha na gunia la mihogo mahali pangu.

Tatu aliolewa kabla ya masika. Anakaa Mlandizi na ana mtoto wa kike. Mimi nakaa kwangu. Kliniki naendelea, dawa za presha nanywa, mdomo umerudi mahali pake isipokuwa nikichoka. Nguo nafua mwenyewe, kanga najifunga mwenyewe, na chakula nala kwa mkono wa kulia. Mwandiko haujarudi wote, na mwalimu mwenzangu ameniambia ukurasa huu unafanana na wa mtoto wa darasa la pili. Kwako wewe unayeugua nasema, tafuta kazi yako moja uishike, na umtafute mtu mmoja atakayeweza kusimama nyuma yako asikuguse. Wa pili ndiye mgumu kumpata.

Kurui wamezoea. Nikipita na ndoo wananiamkia, na wengine, hata watu wazima, huweka mikono nyuma mpaka nipite. Hakuna aliyewafundisha.

Bi Siwema alininunia mwaka mzima. Sasa magoti yake yameanza, hospitali wamemwambia asikae, na kila asubuhi hunigongea mlango twende kisimani. Juzi tulikuwa tunapanda, yeye mbele. Nikaona ndoo yake inayumba, kiuno kimempinda, jasho linamtoka, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeweka yangu chini na kunyoosha mkono.

Alinipiga kofi vidoleni.

"Mikono nyuma, Mwalimu," alisema, akaendelea kupanda.